Sumu ya chura, kansa ya tumbo na maswali yenu

Wiki hii nusu ya meseji ni za chura, kuna klipu inazunguka kwamba sumu yake inamaliza kansa ya tumbo, basi tuanze hapo hapo.

Dokta shikamoo, ni kweli sumu ya chura inaua kansa ya tumbo?

Marahaba. Inaua seli za kansa ya tumbo kwenye kisahani cha maabara, na hayo maneno ya mwisho naomba msiyaruke. Chura mwenyewe ni wa China, ute wa tezi zake unakaushwa wanauita chan su, na ndani yake kuna kitu kinaitwa bufalini. Sasa kila seli ina pampu ya kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, bufalini inaiziba hiyo pampu, chumvi zinavurugika, kalsiamu inapanda, protini ya Bcl-2 inayoilinda seli inapungua na Bax inayoisukuma kufa inazidi, mitokondria, yaani mitambo ya nguvu ya seli, zinavuja, halafu vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi vinaikatakata seli kutoka ndani. Yaani seli inajiua yenyewe. Kansa ni seli zilizogoma kufa, ndo maana watafiti wanaifuatilia sana na mimi naiheshimu kazi yao. Ila pampu hiyo hiyo iko kwenye moyo wako, na sumu inaiziba huko pia.

Mbona panya walitibiwa nayo uvimbe ukapungua?

Swali zuri. Panya anapandikizwa uvimbe wa seli za binadamu, na pampu yake mwenyewe haishikwi kirahisi na sumu za jamii hii, inahimili mara mia na zaidi kuliko ya mtu, kwa hiyo uvimbe unakufa na moyo wa panya unadunda kama kawaida. Wewe siyo panya. Watafiti wa China na Marekani walishajaribu dawa iliyotengenezwa kwa ngozi ya chura pamoja na kemo kwa wagonjwa wa kansa ya kongosho, haikuongeza kitu.

Naipata wapi na bei gani?

Usiitafute! New York kati ya 1993 na 1995 wanaume 4 wazima wa afya walikufa baada ya kumeza kitu cha kupaka kilichouzwa kama cha kuongeza nguvu za kiume, ndani mlikuwa na sumu hii. Sumu ya mishale ya Wakamba na Wagiriama nayo ni jamii moja na hiyo, na mnajua inamfanya nini mnyama.

Na mwarobaini?

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi mno, na mlonge jibu ni hilo hilo. Mimi sichukii miti, paklitakseli tunayowachoma wagonjwa wa kansa ya tumbo ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani lililochumwa 1962, ikaruhusiwa 1992, miaka 30 ya utafiti na kupima. Anayekuuzia chupa barabarani kapima nini?

Baba ana miaka 61, vidonda vya tumbo vya muda mrefu, sasa anashiba haraka, amekonda na choo ni cheusi. Tumpe dawa gani ya asili?

Msimpe chochote. Choo cheusi huenda ni damu, mpelekeni hospitali leo, siyo Jumatatu, waambieni anahitaji kipimo cha kamera na wachukue kinyama wakapime, na bakteria wa H. pylori aangaliwe pia maana huyo ndo chanzo kikubwa cha kansa hii. Ikikutwa mapema inakatwa na mtu anaweza kupona. Nijulisheni majibu yakitoka.