Kitai ni gesi au matarajio? Kukariri maneno ya sayansi ya Kijapani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naanza uhandisi Japani mwezi Aprili. Nimejaza daftari zima maneno ya kemia na fizikia kwa herufi za Kilatini, ila nikisikia "kitai" au "sansei" napotea. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kosa liko kwenye hizo herufi za Kilatini. Kijapani kina silabi chache, hivyo maneno mengi hufanana kwa sauti. Kitai ni gesi (気体), na ni matarajio (期待). Sansei ni hali ya asidi (酸性), na ni kuunga mkono (賛成). Sayansi (科学) na kemia (化学) zote ni kagaku. Wajapani wenyewe wakitaka kutofautisha huita kemia bakegaku. Ukiandika kwa Kilatini, tofauti yote imefutika.

Anza na kanji moja (herufi ya Kijapani inayobeba maana), 素, isomwayo "so". Itangulize kanji ya maji: 水素, suiso, haidrojeni. Itangulize asidi: 酸素, sanso, oksijeni. Mkaa: 炭素, tanso, kaboni. Chumvi: 塩素, enso, klorini. Kukosa pumzi: 窒素, chisso, naitrojeni. Majina kadhaa kati ya haya aliyaunda mtaalamu wa Kijapani Udagawa Yōan katika miaka ya 1830 akitafsiri kemia kutoka Kiholanzi, lugha ambayo nayo huita naitrojeni kitu kinachoziba pumzi. Sasa ukikutana na 塩酸, chumvi na asidi, utaitambua asidi ya hidrokloriki bila kamusi. Ukimaliza 素 nenda 体 (kotai yabisi, ekitai kimiminika, kitai gesi), halafu 子 (genshi atomu, denshi elektroni).

Sodiamu na potasiamu huandikwa kwa katakana, herufi za sauti za maneno ya kigeni: natoriumu, kariumu. Zishike kwa alama zake, Na na K.

Tengeneza kadi nane kwa siku. Mbele weka sentensi fupi: 空気の約78%は窒素である, yaani takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Nyuma weka ちっそ (chisso kwa hiragana, herufi za sauti za kawaida), alama N na Kiswahili. Usiweke hiragana mbele. Jicho litaikimbilia na kanji hutaijua kamwe. Tamka kwa sauti kabla ya kugeuza, ukipima urefu: dō ni shaba, do ni digrii, na tofauti yake isikike kama ya kufa na kufaa. Katika chisso, ivute s kwa muda wa silabi nzima.

Ukichapa kagaku kwenye kompyuta, itakuletea 科学 na 化学. Soma kanji yenyewe kabla ya kubonyeza, la sivyo ripoti ya kemia itaitwa ripoti ya sayansi.