Bodi Yako Ni Nzima, Faili Ndilo Si Lake

SWALI: Shikamoo mama. Nina Raspberry Pi Zero W, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, niliyopewa na kaka yangu. Nataka niiweke shambani kwetu Hombolo, isome unyevu wa udongo kwenye mizabibu, nione namba kwenye simu. Nimepakua Node.js (programu ya kuendesha JavaScript) ya chipu za ARM, lakini kila nikiandika node inajibu "Illegal instruction" basi. Fundi mmoja mjini anasema bodi imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Hombolo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yako iache mfukoni. Bodi iliyokufa haijibu chochote, na hii inakujibu kabisa kwamba imepewa amri isiyoijua.

Andika uname -m, amri ya kuuliza aina ya chipu. Itakuandikia armv6l. Sasa tazama jina la faili ulilopakua. Nadhani utakuta armv7l. Chipu ya Zero W ni BCM2835, ileile ya Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka 2012, kizazi cha ARMv6. Faili la v7 lina amri ambazo chipu hiyo haikuzaliwa nazo.

Hapa ndipo hata mafundi hunaswa. Mfumo ukiulizwa aina yake husema armhf. Kwa Debian, mfumo ambao Raspberry Pi OS imejengwa juu yake, armhf maana yake ni ARMv7 kwenda juu. Kwa Raspberry Pi OS ya biti 32, jina ni hilohilo lakini imejengwa ianzie ARMv6. Kwa hiyo ukiongeza hazina ya programu ya watu wengine, inaona armhf, inakuwekea ya v7 bila hata kukuonya.

Watengenezaji wa Node walitoa faili rasmi la armv6l hadi toleo la 11. Kuanzia la 12, mwaka 2019, wakaacha. Nenda unofficial-builds.nodejs.org, ukurasa wa mradi huohuo usio na dhamana, utafute la armv6l. Kabla ya kulifungua, linganisha sha256sum yake (namba ya kuhakiki faili) na ile iliyo kwenye SHASUMS256.txt, maana bando likikatika katikati faili huja nusu. Kuikompaili Node mwenyewe (kuijenga kutoka msimbo wake) ndani ya Zero, yenye memori ya MB 512, usithubutu. Umeme wetu huu utakatika kabla haijafika popote.

Ila mimi nisingehangaika na Node kwa kazi hii. Python 3 imo tayari ndani ya Raspberry Pi OS, na ukurasa mmoja wa namba, Flask, zana yake ya kutengeneza kurasa za wavuti, inaumudu.

Halafu hukusema sensa yako, yaani kihisi cha unyevu, ni ya aina gani. Zile za bei nafuu za kuchomeka udongoni hutoa volti inayopanda na kushuka, na pini za Raspberry Pi husoma ipo au haipo tu. Unahitaji kichipu cha kugeuza volti kuwa namba, ADS1115 au MCP3008. Hicho ndicho ukanunue. Kilishe volti 3.3, si 5. Pini za Pi hazivumilii zaidi ya hapo.