Mwanangu, kuhusu hiyo kura ya mafunzo

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili maana ya kwanza niliona hasira tu. Kwa hiyo umeomba yale mafunzo ya ufundi wa mitandao ya kompyuta, usaili umepita, ukajua umeshaingia, halafu ndo wanakuletea fomu inayosema programu nzima iko ndani ya utafiti, kompyuta itapiga kura ya bahati nasibu, wengine wataingia darasani na wengine watabaki nje wakipigiwa simu tu za kuulizwa maendeleo yao, na usiposaini hata hiyo kura huingii. Unauliza usaini au uachane nao, na unauliza pia hivi hii si kuchezea maisha ya watu.

La kwanza jibu lake ni fupi, saini, ila usisaini leo. La pili ndo lina maneno.

Nianze na hilo la kuchezewa kwa sababu sio swali la kijinga, watu wameshachezewa kweli. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa miaka yote hiyo bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao na bila kutibiwa, hata penisilini ilipokuwa inapatikana kila mahali. Kelele za mambo kama yale ndo zimechangia leo uwekewe fomu mezani, uelezwe nini kinafanyika, uruhusiwe kukataa au kujitoa katikati. Wewe umeambiwa kura ipo kabla haijapigwa. Hapo tu pana tofauti kubwa. Ila nakubaliana na wewe kwenye ile "hiari" yao, maana hiari ambayo ukiikataa na mafunzo umeyakosa ni hiari ya nusu, na mtu asiye na kazi hana nguvu ya kubishana. Kwa hiyo hasira yako ina haki yake, mi sikuambii uimeze.

Lakini jiulize wangechaguaje bila kura. Waombaji wengi, viti vichache. Wangechukua aliyewahi, au anayejua kujieleza, au mtoto wa fulani. Unajua vizuri wewe uko wapi kwenye foleni ya namna hiyo. Kompyuta haijui baba yako ni nani na haijali ulivaa nini siku ya usaili, na ukikosa haimaanishi umeonekana hufai. Hilo la mwisho lishike sana maana najua ulivyo, utakaa wiki nzima unajiuliza ulijibu nini vibaya, na hamna ulichojibu vibaya.

Haya yote ni kama viti kweli ni vichache, na hapo ndo pa kuwabana. Kulikuwa na programu ya mafunzo ya kazi ya Marekani inaitwa Job Corps, ya vijana wa miaka 16 mpaka 24, katikati ya miaka ya 90 wakaifanyia utafiti wa kura nchi nzima. Vijana kama 81,000 walikuwa wamekidhi vigezo, na karibu 6,000 kati yao wakapangwa kundi la kulinganishia wakazuiwa kuingia kwenye programu kwa miaka 3. Miaka 3 kwa mtoto wa miaka 18! Watafiti watakuambia ni asilimia ndogo, ndiyo, lakini kwa yule aliyeangukia humo ni yeye mzima mzima. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe: nikikosa kura nimefungiwa muda gani? Kama ni mwaka au mwaka na nusu unaweza kuvumilia, wakikuambia usiguse mafunzo yao miaka mitano mi ningefikiria upya.

Sasa utasema mama, kwa nini wasiwafundishe tu watu halafu waangalie kama wamepata kazi. Kwa sababu wangejidanganya. Angalia wewe mwenyewe, umeomba lini haya mafunzo? Baada ya kazi kuisha na mfuko kukauka. Karibu kila anayeomba anaomba akiwa chini, na aliye chini mara nyingi angepanda kidogo hata bila msaada wa mtu. Mchumi mmoja, Orley Ashenfelter, aliliandika hili 1978, kwamba kipato cha watu huporomoka muda mfupi kabla hawajajiunga na mafunzo, kwa hiyo ukilinganisha kabla na baada lazima mafunzo yaonekane yametenda miujiza. Na ukimlinganisha wewe na jirani ambaye hakuomba kabisa unakosea tena, maana wewe ndo yule uliyeamka ukatafuta, yeye hakuamka.

Mwenzake, Robert LaLonde, akaja na jaribio zuri sana 1986. Alichukua data za programu ya Marekani ya miaka ya 70 iliyowapa kazi na usimamizi watu waliokuwa na hali ngumu, wakiwemo akina mama waliokaa muda mrefu kwenye misaada ya serikali na watu waliotoka jela, na ile ilikuwa na kura kwa hiyo jibu la kweli linajulikana. Yeye akaliondoa kundi lililokosa kura, akaweka badala yake watu wa kawaida kutoka kwenye takwimu za nchi, akatumia mahesabu ambayo wachumi wenzake walikuwa wanayaamini. Majibu yakaruka huku na kule, mengine yakasema programu imewashusha watu kipato wakati kura ilionyesha imewapandisha. Hesabu ngumu zote zile, na aliyekuwa anajua ukweli ni kura. Mi nikisoma hivyo nacheka lakini naelewa kwa nini wanang'ang'ania.

Kingine ambacho kwenye hasira yako umekipita, unachukulia kwamba atakayeingia amepata na atakayebaki nje ameibiwa. Nani kasema mafunzo yanasaidia? Hilo ndo hawajui, ndo maana wanatafiti. Kuna utafiti mkubwa wa programu ya mafunzo ya kazi iliyoitwa JTPA, Marekani tena, watu kama 20,000 kwenye vituo 16 kuanzia 1987, wawili kati ya watatu wakapewa nafasi na mmoja akazuiwa miezi 18. Watu wazima wakaongeza kipato, sio sana lakini kikaonekana. Vijana wa chini ya miaka 22 ambao hawakuwa shuleni hawakuongeza kitu cha maana, yaani waliokosa kura na waliopata wakawa pale pale. Fikiria kijana aliyelia siku ya kura. Halafu upande mwingine kuna programu ya Year Up, huko huko Marekani, vijana wa miaka 18 hadi 24 walisoma miezi sita halafu wakakaa miezi sita kwenye kampuni wakifanya kazi kwa vitendo, ile kura yake ilionyesha kipato kimepanda zaidi ya nusu muda mfupi baada ya mafunzo kuisha. Kwa hiyo tofauti ipo kwenye programu yenyewe, na ukiniuliza mimi cha kuangalia kwenye hii yako ni kama kuna kampuni zinazowasubiri mkimaliza au mnapewa cheti na kutakiwa kila la heri. Hilo waulize hata kama usingekuwa utafiti.

Na Uganda, 2008, serikali iliwapa vikundi vya vijana wa kaskazini fedha za kujifunzia ufundi na kununua vifaa, walioomba walikuwa wengi kuliko fedha kwa hiyo wakapigiwa kura. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa na kipato kikubwa kuliko waliokosa kwa asilimia 38, si mchezo. Baada ya miaka tisa waliokosa walikuwa wameshawafikia kwenye kipato. Waliopata walibaki na mali zaidi ndani ya nyumba, sikufichi, lakini waliokosa hawakukaa kungoja.

Na wewe usikae kungoja. Ndani ya tafiti hizi kundi la nje linazuiwa programu hiyo moja, halizuiwi kusoma kwingine wala kutafuta kazi, na wengi wao huishia kupata mafunzo kwingine. Wakikuambia umezuiwa kila kitu, hapo toka. Na kile kibarua cha jioni usikiache kwa sababu ya kura ambayo haijapigwa, usiache mbachao kwa msala upitao, nimekulea unalijua hilo.

Sasa jambo ambalo nalijua kwa miguu yangu sio kwa kusoma. Unakumbuka miaka ile nafanya kazi ya udadisi, nazunguka na madodoso? Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuwapata waliokosa. Aliyepata anakukaribisha, anakupa kiti, anakueleza mpaka usichouliza. Aliyekosa anakuambia "nyie si mliniacha, mnataka nini tena", na mi nilikuwa namwelewa. Lakini kinachotokea ni kwamba wale wenye hasira hawahesabiwi, na waliohama kwenda kufanya kazi mbali nao simu zimebadilika hawapatikani, wanabaki wale waliokwama nyumbani, basi kwenye karatasi kundi la nje linaonekana hali mbaya kuliko lilivyo na mafunzo yanaonekana mazuri kuliko yalivyo. Mwakani watu wanamwaga hela kwenye programu ambayo haifundishi kitu. Au kinyume chake, nzuri inafungwa. Kwa hiyo ukikosa, simu zao pokea. Jibu lako la kundi la nje lina uzito ule ule wa aliyekaa darasani. Swali usilolitaka unaruka, ukichoka kabisa unajitoa, ni haki yako, na mara nyingi kuna kifuta jasho kidogo cha muda wako, kiulizie mapema kwa sababu makarani wengine hawasemi mpaka uulize.

Ukipata, halafu mwezi wa pili ukaona hapakufai, ondoka bila aibu. Kwenye ile JTPA kama asilimia 60 tu ya waliopewa nafasi ndo walioitumia, na watafiti waliwahesabu wote kwenye kundi lao kama kura ilivyowapanga, kwa sababu wakianza kuwatoa walioacha wanabaki na wenye bidii peke yao na tumerudi kule kule kwa kujidanganya. Hutaharibu utafiti wa mtu. Utakachoharibu ni ukikubali ule mpango wa rafiki yako, eti mmoja wenu akipata na mwingine akakosa mbadilishane majina. Hapana. Hapo mnavuruga na mkikamatwa mnatolewa wote wawili, na hata msipokamatwa cheti kitakuwa na jina la nani?

Kuna kitu kimoja kuhusu haki ambacho wewe hukukiuliza ila kwa ulivyo utakifikia tu. Ukifundishwa ukapata kazi, je kuna mtu umemtoa kwenye foleni? Ufaransa walilijaribu hili kwa vijana wasomi wasio na kazi, sio mafunzo hasa bali msaada wa kutafutiwa kazi, wakapiga kura mara mbili, kwanza miji ipi iwe na wasaidiwa wengi na ipi wachache, halafu ndani ya mji nani asaidiwe. Waliosaidiwa walipata kazi za kudumu haraka zaidi, lakini sehemu ya mafanikio hayo ilitoka kwa wale ambao hawakusaidiwa, hasa pale ajira zilipokuwa chache, na baada ya mwaka tofauti ikawa imeyeyuka. Mi naona hilo ndo swali zito kuliko la kura, na sijaona watu wengi wanaolipenda. Lakini sio mzigo wako wa kubeba wiki hii.

Kabla ya kusaini, rudi kwao na haya uwaulize mdomo kwa mdomo: viti vingapi kwa waombaji wangapi, kura inapigwa lini na utajulishwaje, kufungiwa ni muda gani, kamati ipi ya maadili imepitisha utafiti na namba ya kuwalalamikia ni ipi (inatakiwa iwe kwenye fomu, kama haipo wakueleze kwa nini), na zaidi ya yote data. Watafiti wa ajira hawaishii kwenye simu, mara nyingi wanaomba ruhusa ya kuvuta kumbukumbu zako za mishahara kutoka mamlaka za kodi au mifuko ya jamii, na wanaweza kufanya hivyo miaka na miaka baada ya wewe kusahau. Sio vibaya, ni kwa njia hiyo wanajua nani alikuwa na kazi bila kutegemea kumbukumbu za mtu, ila lazima ujue ni nyaraka zipi, kwa miaka mingapi, jina lako linatenganishwa na data lini, na kama mwajiri anaweza kuziona. Mwajiri asizione. Kama fomu imeandika kijumla jumla tu "taarifa zako zitatumika kwa utafiti" usisaini mpaka wakufafanulie.

Kwenye ile sehemu ya mtu mwingine wa kupigiwa ukibadilisha laini, niandike mimi, na namba ya dada yako pia. Halafu nipigie picha ukurasa wenye mambo ya data unitumie kabla ya Ijumaa nisome mwenyewe, piga kwenye mwanga safari hii.

Mama yako