Kabla Hujashika Rimoti ya Winchi

Mdogo wangu unayeanza udereva huku Lindi na Mtwara, ukipangiwa njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, jua kwamba msimu wa mvua utakwama. Uhodari hauondoi hilo. Udongo mweusi wa mbuga ukishiba maji unaganda kwenye tairi mpaka kashata zote, yale meno ya tairi, zinaziba, gari linakalia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na hapo ndipo watu wanaikumbuka winchi iliyoko kwenye bampa, ile mashine yenye ngoma ya waya inayolivuta gari kuelekea kwenye mti uliofungiwa waya.

Vitufe vya rimoti utavijua kwa dakika tano: kimoja kinavuta, kingine kinaachia. Kazi yenyewe ni kujua kila mtu amesimama wapi kabla hujavibonyeza.

Gari likikwama karibu na kijiji huku kwetu, haipiti nusu saa umezungukwa na watu. Vijana wanataka kusukuma, kina baba wanakuja na majembe, watoto wanapanda kichuguu ili waone vizuri. Ni wema mtupu, na bila wao magari mengi yangelala porini. Lakini waya wa chuma uliokazwa ukikatika, au kilichoushika kikang'oka, unarudi kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Kwa hiyo wasalimie, washukuru, kisha waondoe. Ukitoa mita 20 za waya, watu wakae mbali zaidi ya mita 20, na asiwepo hata mmoja pembeni mwa waya wala kati ya gari na mti. Mimi humwomba mtu mzima mmoja anayesikilizwa pale kijijini awashike watoto. Akisema yeye, wanakaa. Ukisema wewe mgeni, wanacheka na kusogea tena.

Nilijifunza hili vibaya. Desemba moja tulikuta pikapu iliyobeba magunia ya korosho imezama bondeni. Utingo wao akaikamatisha kulabu yetu kwenye kile kichwa cha kuvutia trela. Niliona, nikanyamaza, maana giza lilikuwa linaingia na nilitaka kufika. Tulipokaza, kichwa kikang'oka, kikaja na waya, kikapasua kioo chetu cha mbele upande wa abiria. Mwenzangu aliyekuwa amekaa kiti hicho alikuwa ameshuka muda mfupi tu kukata matawi ya kutandika. Mpaka leo nikikutana naye siwezi kuongea naye bila kukumbuka. Usifunge kulabu kwenye kichwa cha trela, wala kwenye bampa. Tafuta jicho la kuvutia lililofungwa kwenye chasisi. Kama halionekani, lala chini kwenye tope ulitafute. Na tangu siku ile sivuti bila kunyanyua boneti ilinde kioo, na bila kutupia koti zito au turubai lililokunjwa katikati ya waya, ili ukikatika uzito uuangushe chini.

Sasa mti. Mara nyingi ulio karibu ni mkorosho, na mkorosho ni shamba la mtu, ada ya shule ya watoto wa mtu. Omba ruhusa. Usiuzungushie waya mtupu, maana unakata gome na kuuacha mti na kidonda, na waya wenyewe unaharibika ukizungushwa mti kisha kulabu ikashikizwa kwenye waya huohuo. Tumia mkanda mpana, uzungushe chini kabisa kwenye shina, uunganishe ncha zake mbili kwa pingu ya chuma yenye pini ya kuzungusha, ndipo kulabu iingie kwenye pingu. Mbuyu unaonekana mkubwa lakini mti wake ni laini. Mwembe mzee naupenda zaidi. Pasipo na mti kabisa, zika tairi la akiba wima shimoni, ufunge mkanda katikati yake, uuchimbie waya mfereji ili uvute kwa chini, kisha fukia na kushindilia. Ni kazi ya jasho, ila inashika.

Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi inakuchanganya usipoelewa. Winchi ya kilo 4,300 inavuta kilo hizo waya ukiwa umebaki safu ya kwanza tu kwenye ngoma. Kila safu inayoongezeka juu inapunguza nguvu, na ngoma ikijaa unaweza kupoteza theluthi nzima. Kwa hiyo mti wa mbali una faida kuliko wa karibu. Toa waya mrefu, ila mizunguko isiyopungua mitano ibaki kwenye ngoma, kwa kuwa msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaoshika mzigo. Kile kifungo cha mwisho wa waya hakiwezi peke yake. Winchi ikishindwa bado, funga kapi, lile gurudumu lenye mfereji la kupitishia waya, kwenye mti. Watu wa majahazi pale Mikindani na Kilwa wanalijua: waya ukienda mpaka kwenye kapi na kurudi kwenye gari lako, nguvu inakaribia kuwa maradufu na mwendo unapungua nusu. Kumbuka tu kwamba kapi, pingu na mti navyo vinabeba maradufu. Na kabla ya hayo yote, chimba. Tope ukiliondoa mbele ya tairi na chini ya difu, umeipunguzia winchi mzigo mkubwa bila kutumia betri.

Betri nayo ina mipaka. Winchi ya umeme ikibanwa hasa inaweza kunywa zaidi ya ampea 400, kiasi ambacho altaneta inayochaji betri haikifikii. Acha injini iunguruke, vuta kwa muda mfupi, pumzisha, gusa mota uone joto lake, endelea. Anayeendesha gari lililokwama asaidie taratibu. Akikanyaga mafuta ovyo tairi likashika ghafla, waya unalegea halafu unakazwa kwa kishindo, na kishindo ndicho kinachokata. Mtoa ishara awe mmoja tu. Ngumi ikiinuliwa, simama, hata kama hujaelewa kwa nini.

Mikono: glavu za ngozi, kila mara. Waya wa chuma una vijisindano. Usiache ukateleza ndani ya kiganja, na ukikaribia mdomo wa winchi uongoze kwa kushika ile kamba ndogo ya kulabu, siyo kwa vidole.

Ukirudi nyumbani kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Hewa ya chumvi ya pwani inakula waya na vichwa vya nyaya za umeme hata gari likiwa limeegeshwa. Kesho yake toa waya wote ikibaki ile mizunguko mitano, uoshe tope kwa maji yasiyo na chumvi, uache ukauke, ukague hatua kwa hatua. Ukiona nyuzi zilizokatika, sehemu iliyopondeka au kona iliyokunjika, usiupake grisi ukajidanganya, omba mpya. Kama winchi yako ina kamba ya sintetiki badala ya waya, angalia michubuko na mchanga uliojificha ndani, na uifunike isipigwe na jua. Kisha kunja ukiwa umekaza: funga kulabu kwenye mti, gari likiwa kwenye mwinuko mdogo lijivute lenyewe polepole, huku mwenzako akiangalia kila mzunguko unalala ubavuni mwa mwingine.