Kibete kahawia kinaweza kuwa na sayari yenye uhai?

SWALI: Mhariri habari zako. Binti yangu yuko S.3 hapa Arua, ameniuliza kama hivi vibete kahawia, vitu ambavyo si nyota si sayari, vinaweza kuwa na dunia ya kuishi viumbe wakati vyenyewe vinapoa tu. Nimekosa la kumjibu. – Baba Amina

JIBU: Baba Amina asante, na Amina aendelee kuuliza hivyohivyo. Kibete kahawia kina uzito wa sayari za Mshtarii (Jupita) 13 mpaka 75 hivi, kikizidi hapo kinachoma hidrojeni kinakuwa nyota kamili, lakini hakifiki, kwa hiyo kinabaki na joto lake la kuzaliwa linapungua tu kama sigiri isiyoongezwa makaa. Ule ukanda ambao maji hayagandi wala kuchemka unasogea ndani kila siku, sayari inaachwa nje kwenye baridi. Mimi lakini naogopa zaidi mwanzo wake, maana kibete kikiwa kichanga kina moto mkali na hiyo sayari iko karibu, maji yanaweza kuisha kabla pahali hapajawa pazuri. Ila vile vizito vinapoa polepole sana, sayari inaweza kupata mabilioni ya miaka ya joto zuri, si haba.

Sasa kwa kutafuta ndio raha yenyewe! Kibete ni kikubwa kama Mshtarii tu, kwa hiyo sayari kama Dunia ikipita mbele yake inaziba karibu asilimia 1 ya mwanga, wakati mbele ya Jua ingeziba chini ya asilimia 0.01. Halafu inazunguka kwa siku chache tu au hata chini ya siku moja, hakuna haja ya kungoja mwaka mzima.

Sayari ya mawe kama Dunia kwenye kibete kahawia bado haijathibitishwa hata moja. Mwaka 2004 ilipigwa picha ya sayari iitwayo 2M1207b kando ya kibete kahawia, lakini ni jitu la gesi na liko mbali naye. Kinachonipa imani ni TRAPPIST-1, nyota iliyovuka kidogo tu mpaka wa vibete, miaka 40 ya nuru kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na mwaka 2017 ikatangazwa ina sayari 7 zenye ukubwa wa karibu na Dunia, tena vibete vichanga vimeshaonekana na sahani za vumbi la kuundia sayari, kwa nini visipate zao?

Mwambie Amina Aprili saa nne usiku atazame kusini, huko ndiko iliko Luhman 16, vibete viwili vilivyogunduliwa 2013, miaka 6.5 ya nuru tu. Kwa macho haionekani, inataka darubini ya infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, ila ningepewa mimi darubini hiyo ningeanzia hapo.