Kabla hujasimama mbele ya watoto nenda mtoni kwanza

Assalaam alaykum wadogo zangu. Najua mwaka huu mmeingia wengi kwenye kazi hii, kuna walimu mliokabidhiwa afya ya skuli juu ya vipindi vyenu, kuna mnaojitolea kwenye shehia, yaani mitaa na vijiji vyetu, kuna mliomaliza chuo juzi tu mkapangiwa huku Pemba na hata njia za shamba bado hamjazijua. Kila nikikutana na mmoja wenu ananiuliza, bi mkubwa nianzie wapi. Mi nawaambieni anzeni na kichocho, hata kama hicho sicho mlichotumwa, mana kichocho ndo kilonifundisha kazi hii mimi.

Siku yangu ya mwanzo nilipelekwa skuli moja ya shamba, darasa la tano. Nina bango langu lina picha ya konokono na mtoto anaoga, nikalibandika ubaoni, nikaeleza vizuri tu, mdudu anatoka kwa konokono anaingia kwenye ngozi ya mtu, anakwenda kukaa kwenye mishipa ya kibofu, mtu anakojoa damu. Nikauliza, mtakwenda tena mtoni? Hatwendiii! Darasa zima. Nikauliza maswali kumi wakajibu yote kumi, nikajaza fomu yangu nikaandika somo limefanikiwa.

Saa saba na kitu narudi zangu, nafika pale kwenye daraja nawaona wale wale watoto wangu wamo mtoni, mashati meupe yametandazwa juu ya majani yanakauka, na mmoja akanipungia mkono kwa furaha kabisa, ticha! ticha! Nikashuka nikakaa kwenye jiwe nikamuita mtoto mmoja wa kike aliyekuwa anafua ushungi wake, nikamuuliza mbona darasani umenambia huji? Akanambia ticha, mfereji kwetu umetoa maji juzi usiku, mama amejaza ndoo mbili, moja ya kupikia moja ya bibi kutawadhia, na mimi yunifomu ninayo hii moja. Akanitizama. "Sasa nifulie wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Swali lile ninalo mpaka leo na nataka mlichukue na nyinyi, mana sisi tunakuja na vipeperushi tukidhani watu hawajui, na watu wanajua. Hapa Pemba mtoto wa darasa la pili atakwambia kichocho kinapatikana wapi. Anachokosa ni pahala pengine pa kufulia.

Kwa hivyo kabla hujaandaa somo nenda mtoni, au bondeni kwenye mpunga, au ziwani, popote watu wa pale wanapochukua maji yao, na nenda saa wanazokwenda wao usiende saa inayokufaa wewe na gari ya ofisi. Kaa. Angalia nani anakuja asubuhi na nani anakuja mchana, wanawake wanafulia upande gani, watoto wanarukia wapi, vyoo viko umbali gani, mana mtoto akibanwa na mkojo yumo majini na choo kiko juu kilimani huyo anamaliza pale pale, na hapo ndipo ugonjwa unapozunguka. Watu wengi wakifundisha kichocho wanasema usiingie majini basi. Nusu ya pili wanaisahau. Yai linatoka na mkojo wa mtu, likifika kwenye maji baridi, yasiyo ya chumvi, linaanguliwa, kidudu kinamtafuta konokono, kinakaa humo wiki kadhaa, ndo kinatoka kutafuta ngozi ya mtu. Maji yasipopata mkojo huyo konokono hana cha kumpa mtu.

Na hapa mwalimu bora kuliko sisi sote ni ustadhi wa chuoni, chuo cha Kurani. Mimi nilikuwa nahangaika na hili la mkojo, nasema kwa aibu, watoto wanacheka, wazee wanainamisha vichwa, mpaka siku moja nikaenda kukaa na ustadhi mmoja mtu mzima nikamueleza mzunguko wote. Akanambia mwanangu hili kwetu si geni, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Jioni ile ile akawasomesha watoto dakika tano ndani ya mlango wa tahara, hakuna aliyecheka. Tangu hapo sendi skuli yoyote bila kupitia chuo cha pale kwanza.

Mambo mengine ya mtoni mnatakiwa muyajue ili msiwaambie watu yasiyowezekana. Vile vidudu vinatoka kwa konokono zaidi jua likishakuwa kali, mchana ndo vingi, kwa hivyo mama asiye na njia nyengine akiwahi asubuhi mapema anajipunguzia hatari, mwambie hivyo hivyo, anajipunguzia, usimwambie yuko salama. Maji yakitekwa yakawekwa kwenye pipa safi siku mbili bila konokono kuingia, vile vidudu vinakuwa vimeshakufa, hayo anaweza kukogea na kufulia, ya kunywa bado achemshe kwa sababu ya maradhi mengine. Na bahari haina kichocho, konokono yule haishi kwenye maji ya chumvi. Mtoto wa kisiwani ukimwambia asiogelee hakusikii, lakini ukimwambia nendeni pwani na kaka zenu wakubwa wakuangalieni, umempa kitu anachokiweza. Wenzetu wa Makunduchi na Jambiani kule kusini Unguja hawana mito juu ya ardhi ile ya mawe na konokono wa kule ni wa jamii nyengine, ndo mana kichocho kule si tabu kama ilivyo kwetu na Unguja ya kaskazini, kwa hivyo usichukue somo la Pemba ukalipeleka Makunduchi kama lilivyo, wala la mjini ukalileta Micheweni.

Mkipata nafasi nendeni Wawi pale Chake, kwenye maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, ipo tangu 2000, muombe kuangalia yai la kichocho kwenye darubini. Lina mwiba mmoja mkiani. Mimi nilipouona ule mwiba ndo nikaelewa kwa nini kibofu kinatoka damu, na tangu siku hiyo naweza kuuchora ubaoni kwa chaki na mtoto wa darasa la tatu akafahamu bila bango lolote.

Sasa siku ya kuchukua mkojo wa kupima kichocho. Mkojo unachukuliwa katikati ya mchana, kuanzia saa nne mpaka saa nane, ndo mayai yanatoka kwa wingi. Mpe mtoto kikopo, muelekeze, muache aende zake. Usimuulize mbele ya wenziwe kama anakojoa damu, kuna watoto wa kiume wanaoiona damu ile ni kitu cha kawaida, kila mkubwa wao amepitia, na kuna wengine wanaficha hata kwa mama zao. Na kwa watoto wa kike tafadhali sana sana, hili nalisema kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Kijiti cha kupimia kinaonesha damu tu, hakijui damu ya kichocho na damu ya hedhi. Kuna kijana mmoja mwenzetu alisoma majibu kwa sauti mbele ya foleni, fulani ana damu, na yule mtoto alikuwa kwenye siku zake. Hakurudi skuli wiki mbili. Mwalimu wa kike akae na watoto wa kike, awaulize pembeni, aliye kwenye siku zake apimwe siku nyengine, na majina yasisomwe.

Na mkishafika hapo kwenye hedhi msikimbie. Wazee wetu walikuwa na somo, mwanamke mtu mzima wa nje ya nyumba anayemchukua mtoto wa kike akivunja ungo akamfunza usafi, kujistiri, kujitahirisha. Sehemu nyingi sasa jambo hili limelegea, mama anaona haya, mtoto anajifunza kwa wenziwe. Mimi katika kila shehia natafuta wale kina bibi waliowahi kuwa masomo, naomba mmoja aje skuli akae na wasichana chini ya mwembe na mimi nipo pembeni, yeye anasema ya kwake mimi naongeza ya kwangu. Halafu naenda kuangalia choo cha skuli. Kama mlango hauna komeo na ndani hakuna ndoo ya maji, somo la hedhi ulilofundisha halina pa kutumika, na huyo mtoto siku zile nne tano atabaki nyumbani. Komeo ni kitu kidogo mno. Nimeshanunua makomeo kwa pesa yangu zaidi ya mara moja na sijutii.

Siku ya dawa. Dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa mtoto inapimwa kwa urefu, kuna ule mti wenye alama unaanzia sentimita 94, mtoto wa sentimita 130 kwa mfano anameza vidonge viwili. Ni vikubwa na ni vichungu. Mtoto asile dawa hii na njaa. Kuna mwaka tulikwenda skuli moja, tuliahidiwa na ofisi fulani kwamba uji utaletwa, saa nne uji haujafika, saa tano haujafika, mkubwa wetu akasema tuanze tutachelewa, na mimi nikakubali, ningeweza kukataa na sikukataa. Watoto wengi walikuwa wametoka nyumbani na chai kavu. Wa mwanzo akatapika, wa pili akashika tumbo, baada ya nusu saa darasa zima linalia, wengine hawana kitu ila wameona mwenzao kaanguka na wao wakaanguka. Kabla hatujafunga sanduku habari zilishafika kijijini kwamba watoto wamepewa sumu, na kwa mdomo mwengine kwamba ni dawa ya kuwafunga kizazi. Kina mama walikuja wanakimbia, wengine na unga wa mapishi bado mikononi.

Aliyetuokoa ni sheha, mkubwa wa shehia ile. Alikaa nao kwenye baraza, akaagiza chai na mihogo kwa watoto, akatwambia sisi tukae tusiondoke mpaka mtoto wa mwisho ametulia, na tulikaa mpaka magharibi. Hakuna mtoto aliyepata madhara walhamdulillah, lakini skuli ile ilituchukua muda mrefu sana kuaminiwa tena. Siku hizi kama chakula hakijafika mimi siku naiahirisha, anune atakayenuna. Wazee wa watoto wanaitwa siku tatu kabla, wanaambiwa mapema kwamba mtoto anaweza kuumwa na tumbo au kusikia kichefuchefu kwa muda mfupi, na jambo moja zaidi ambalo wengi hawalisemi, dawa hii inaua minyoo iliyokomaa, michanga inasalimika, kwa hivyo mtoto anaweza kuona damu tena baada ya wiki kadhaa hata kama hakurudi mtoni. Mzee asipoambiwa hilo atasema dawa zenu feki, na atakuwa na haki.

Nyumba kwa nyumba ni rahisi zaidi kuliko mnavyodhani, wazee wanakumbuka vidonge vya matende vilivyoanza kugaiwa visiwa vyote 2001, ukianza na hadithi hiyo wenyewe wanakukaribisha. Redio Jamii Micheweni pia itumieni, wanawake wa kaskazini wanaisikiliza huku wanachambua karafuu. Sukari na presha sina mengi, ila usimwambie mtu aache chai ya sukari mbele ya wageni wake, kaa na anayepika nyumba ile muhesabu pamoja vijiko vya siku nzima.

Ripoti. Utaulizwa umefikia watu wangapi na utaandika, ndo kazi. Lakini kuwa na daftari lako mwenyewe, andika ulichokikuta mtoni, nani kakwambia nini, ulichoahidi na tarehe ya kurudi. Mimi kwenye daftari langu la mwaka ule kuna mstari mmoja tu kuhusu skuli ya mwanzo, "hana pa kufulia". Nilikwenda nao kwa mwalimu mkuu, na kwa sheha, na kwa kamati ya skuli, zaidi ya mara tano. Skuli ilikuwa na tangi na mfereji wake unatoka maji. Mwishowe wakakubali Alhamisi jioni, kwa sababu Alhamisi chuoni hakusomwi, watoto wasiokuwa na maji nyumbani waje wafue yunifomu zao pale kwa zamu, mwalimu mmoja awasimamie, kila mtoto ndoo moja.

Alhamisi ya mwanzo nilipita saa kumi na nusu. Ua wa skuli umejaa mashati na shungi, yule mtoto wangu anakamua sketi yake kwa mikono miwili ulimi nje, hata hakuniona. Nikaendelea mpaka darajani. Wavulana watatu walikuwemo mtoni wanaruka, na huko ndiko nilikokwenda Alhamisi iliyofuata, na kaka wa mmoja wao mvuvi nikamuomba awe anawachukua pwani maji yakijaa.