Maji ya Migodi ya Makaa: Maswali Yenu

Kijito kilicho chini ya mgodi wa makaa ya mawe kimegeuka rangi ya kutu. Wenye mgodi wanaapa hawakumwaga kemikali yoyote. Wanadanganya?

Huenda wanasema kweli. Kwenye miamba ya makaa mna pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo ikiwa imefukiwa haina shida. Mwamba ukivunjwa, hewa na maji vikaifikia, huzaa tindikali ya salfa na kuachia chuma, ambacho hutanda juu ya mawe kijitoni. Lakini kutomwaga kemikali si utetezi: maji yametoka mgodini kwao.

Sheria hupima nini hasa?

Marekani, kwa sheria ya maji ya 1972, mgodi hauruhusiwi kutiririsha maji mtoni bila kibali. pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, iwe kati ya 6 na 9. Kwa mgodi mpya unaotoa maji ya tindikali, chuma kisizidi miligramu 6 kwa lita siku yoyote, wala 3 kwa wastani wa mwezi. Mpimaji kwa kawaida ni kampuni yenyewe, na siku za mvua kubwa masharti hulegezwa. Kwa hiyo mimi, kabla ya kusoma namba, hutazama sampuli ilichukuliwa lini.

Na maji yakiwa meupe kabisa?

Usiyaamini kwa macho. Seleniamu, elementi inayotoka kwenye mwamba uliovunjwa, haina rangi majini, lakini ikizidi vifaranga vya samaki huzaliwa na uti uliopinda. Kanada mwaka 2021 kampuni ya makaa ya Teck Coal ilitozwa faini ya dola milioni 60 za nchi hiyo kwa uchafuzi wa aina hiyo.

Kutia chokaa kwenye maji hayo hakutoshi?

Kwa tindikali na chuma, husaidia sana. Kwa seleniamu, hapana.

Mgodi ukifungwa, nani analipa?

Hapa ndipo sheria nyingi huteleza. Tangu 1977 Marekani humdai mchimbaji dhamana, yaani fedha za kurekebisha eneo la mgodi, kabla ya kuanza kuchimba, lakini tindikali haijui tarehe ya kufunga mgodi. Inaweza kutoka kwa miongo mingi. Dhamana iliyopigiwa hesabu ya kufukia mashimo na kupanda nyasi huisha mapema, na mzigo huangukia serikali. Mnapoitwa kutoa maoni kuhusu kibali kipya, ulizeni dhamana hiyo imehesabu miaka mingapi ya kusafisha maji.